Mwanamke Aliyekula Joto la Boila

Ilikuwa mchana, saa tisa na nusu, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe ya kimpumu. Nakwambia hivyo mapema kwa sababu najua utakachofikiria. Mimi nilichochea boila kwenye kiwanda cha chai miaka kumi na moja, na mtu wa boila anaamini kinachosomeka kwenye geji, basi. Mambo ya mizimu nilikuwa nayacheka. Sasa nisikilize.

Nilikuwa natunza nyumba ya bosi mmoja, nje kidogo ya Makandana. Mwenyewe anaishi Dar. Baridi ya Tukuyu mwezi wa saba unaijua: ukungu unaingia mpaka sebuleni, na shuka ukilishika utadhani limetoka kufuliwa. Mtu aliyemuuzia bosi ile nyumba alikuwa amejenga boila ya kuni nje, kwenye kibanda kilichobanana na geti la nyuma. Ni tangi la chuma, moto tumboni, maji yanauzunguka. Maji ya moto yanapita kwenye mabomba chini ya ardhi, yanazunguka vyumbani na kupasha nyumba, kisha yanarudi kuchemshwa tena. Bosi aliniruhusu kuiwasha kwa sababu nilikuwa nimemleta mama yangu kutoka Masukulu. Mapafu yake yalikuwa mabovu, na daktari alisisitiza jambo moja tu: asipigwe na baridi.

Ile boila niliijali kuliko hata chakula changu. Kuni zilikuwa za mkaratusi, nimezipasua na kuzikausha chini ya bati mwaka mzima. Ukigonga mbili zinalia kama chupa. Kuni mbichi ni moshi tu, na moshi unaziba bomba. Majivu nilizoa kila asubuhi. Mabomba ya chini niliyafukua, nikayazungushia majani makavu ya migomba na nailoni, joto lisipotelee udongoni. Mama alikuwa anakaa na kitenge tu, anasema amehamia Kyela kwenye joto.

Siku hiyo maji yakagoma kupata moto.

Moto unanguruma, mlango wa chuma umeiva, lakini geji imelala chini kabisa. Nikaongeza kuni. Nikafungua njia ya hewa. Nikadhani geji imekufa, nikashika bomba linalokwenda ndani: baridi kama jiwe la mtoni. Hebu niambie, joto lote lile lilikuwa linakwenda wapi?

Nikazunguka nyuma ya kibanda, nikamwona. Mwanamke alikuwa amesimama nje ya geti, mzigo wa kuni kichwani, khanga imemganda mwilini, maji yanamchuruzika. Mvua haikuwepo, ulikuwa ukungu mtupu. Alikuwa amepenyeza mkono kati ya nondo za geti, kiganja amekibandika kwenye mgongo wa tangi uliotokeza nyuma ya kibanda. Niamini, chuma kile kingemchuna mtu ngozi. Mkono wake haukutoa hata mvuke.

"Dada, utaungua! Toa mkono!"

"Siungui, tata," alisema taratibu. "Nimeleta kuni. Nifungulie nikae na moto kidogo."

"Hatujaagiza kuni. Subiri kwanza."

Akaniangalia. "Na yule naye alisema nisubiri."

Nilikimbilia ndani nikafunga mlango wa jikoni kwa komeo. Nilikaa huko karibu saa nzima, namrundikia mama mablanketi, na mabomba ya ukutani yanatoka jasho la baridi. Midomo yake ilibadilika rangi. Ghafla akanishika shati.

"Nani yuko nje, mwanangu? Mfungulie, anatetemeka."

Sikuwa nimemwambia chochote. Wallahi, hata neno moja!

Nikatoka. Alikuwa palepale. Nikafungua kufuli. Aliingia, akatua mzigo, akaushika mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili. Nilisikia joto linanitoka kiganjani, kama maji yanavyotoka ukizibua sinki.

"Ndaga, tata," alisema. Asante, baba. Nikapepesa macho, na mbele yangu palikuwa na ukungu tu. Mzigo wa kuni haukuwepo. Nyuma yangu maji yakaanza kuchemka, geji inapanda yenyewe.

Tulimkimbiza mama hospitali jioni ileile. Siku ya tatu akafariki. Waliniambia baridi ilikuwa imeshashuka kifuani. Ile saa moja niliyojifungia, ndugu yangu, naihesabu mpaka leo.

Msibani nilimsimulia jirani, Bibi Subilaga. Hakushangaa, aliinamisha kichwa tu.

"Huyo ni Bupe," alisema. "Alikuwa analeta kuni za boila hiyo kutoka Matwebe, kwa kichwa. Siku moja mvua ilinyesha fijo, sana kabisa, na ndani kuna wageni. Mwenye nyumba wa zamani akamwambia asubiri getini, akamsahau. Asubuhi tulimkuta amekaa, mgongo ukutani, nyuma ya tangi."

"Alikuwa anaumwa?"

"Walisema moyo. Sisi tuliomwosha tunajua. Ilikuwa baridi."

Ukuta mmoja tu, umenielewa? Upande huu moto alioubebea kuni yeye mwenyewe, upande ule anaganda.

Mkono wangu wa kulia hausikii joto tena. Nimeungua mara mbili bila kujua, harufu ya nyama ndiyo iliyonishtua, na vidole viwili vimekatwa ncha. Madaktari wamenichoma sindano, wamepima, hawaoni kitu. Kazi ya boila niliiacha; sasa nalima ndizi, na chai ananimiminia mke wangu.

Kwa hiyo wewe unayeota moto nyumbani kwako jioni hii, sikia. Mtu akisimama nje ya geti lako ameloa, mfungulie. Jina lake utamuuliza akishakauka.