Makhanu na Raba Mpya ya Mlango

Makhanu, mume wa binti yangu Roda, hutengeneza milango na vioo vya magari pale Lurambi. Huletewa magari ambayo wengine wangeyafugia kuku. Tena ana heshima. Tangu aoe kwangu hajanishika mkono wala kuketi nami chumba kimoja, na mazungumzo yetu hupitia kwa Roda. Ndivyo mkwe anavyotakiwa kwetu, na watu walikuwa wakimsifu kwa hilo.

Basi gari la marehemu mume wangu lilikuwa likivuja dirisha la mbele. Mvua ya alasiri ikinikuta njiani, nafika kanisani mkono mmoja umelowa kama mtu aliyekuwa akifua. Mjukuu wangu Willis akalipeleka kwa Makhanu, akaliacha, akaenda zake sokoni bila kusema kwamba mimi nimo. Gari langu siwaachii watu hivi hivi. Nilikuwa nimejilaza kiti cha nyuma, leso usoni, usingizi umenichukua.

Makhanu akadhani ni furushi. Akabandua raba kuukuu, akatia mpya, nene, akasogeza reli ya kioo ili kilalie raba vizuri. Kitasa cha ndani cha mlango huo na mkono wa kushushia kioo alikuwa ameviondoa. Vya milango mingine vilikufa zamani. Akaingia ndani atafute panapovuja, akamwambia Khalayi, muuza mahindi ya kuchemsha, aubamize mlango na kumwaga maji juu.

Kishindo ndicho kiliniamsha. Nikauliza wanajenga nini.

Makhanu akaganda. Hakugeuka. Akausukuma mlango, raba imeushika. Akagonga kioo, akamwita Khalayi aache maji, afungue. Lakini raba ilikuwa imeziba hata sauti. Khalayi aliona midomo inacheza tu, akafikiri anaambiwa aongeze. Akaongeza.

Makhanu akauambia usukani, “Mama, nisamehe. Sikujua uko.”

“Mimi siko,” nikamjibu. “Wewe angalia maji.”

Akaangalia. Nami nikaangalia. Hata tone.

Khalayi alipofungua, mtungi umekwisha, Makhanu alikwenda moja kwa moja nyumbani kwake bila kufunga kibanda chake cha kazi.

Jioni Roda akaja na ingokho, jogoo mwekundu mzito. Mumewe anasema aibu ya kufungiwa na mama mkwe lazima iondolewe kwa kuku, la sivyo hatatazama watu. Nikamwambia mwiko wa wazee unataja nyumba, haukutaja gari, kwa hiyo mumewe hana kosa, arudi kazini kesho. Roda akashukuru, akamkumbatia jogoo wake aondoke naye.

Nikamwambia amweke chini. Wazee hawakuwa na magari. Huenda walisahau tu.