Nilimwona Kantini Tu

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwaona Valmai na Noeline. Njia yao ilikwenda miaka ishirini na miwili, ikapita mbele ya kanisa letu hapa Ingham, mji wetu wa miwa, ikazunguka kiwanda cha sukari, ikaingia hospitali, na huko ndiko ilikowageukia.

Walihamia nyumba inayopakana na yangu mwaka wa sabini na nne, wakasema ni dada, mama mmoja, baba mbalimbali. Valmai mrefu kama mua uliosahauliwa shambani. Noeline mfupi, mnene, ukimsukuma anabingirika mpaka mji wa Cairns. Mtaa mzima tukaitikia, "Ndiyo, mnafanana." Tulijua. Mke wa mwenye bucha alijua, padri alijua, mbwa wa padri alijua. Lakini kwetu mtu akikuletea uongo uliokunjwa vizuri unaupokea na kushukuru, kama zawadi ya harusi usiyokuwa na haja nayo.

Zamani wote wawili walikuwa askari, kikosi cha wanawake, kazi yao kuunganisha simu za wakubwa. Mwaka wa sabini na moja polisi wa jeshi walipindua godoro la Noeline, wakakuta barua ya mapenzi, haina jina, mwandiko wa kike. Wakamhoji siku mbili: nani kaandika? Hakusema. Wakamtoa yeye na sanduku lake, na barua kwa baba yake ya kumweleza sababu. Baba hakumfungulia mlango tena. Valmai, mwenye mwandiko ule, alibaki miaka mitatu zaidi, akatoka kwa heshima na kadi ya matibabu ya maveterani, kisha akamtafuta mwenzake mpaka akamkuta anafua mashuka ya hoteli.

"Kadi moja, wanawake wawili," Noeline alizoea kuniambia. "Huyu akipiga chafya serikali inamfuta pua. Mimi jino likiniuma, Pina, naling'oa kwa mlango."

Mwaka wa tisini na sita figo za Valmai zilikufa, zote mbili. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Noeline akawa anamwendesha mpaka hospitali ya mji mkubwa, anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Daktari hakuzunguka: apate figo nyingine au mwaka hamalizi. Akafungua faili, palipoandikwa ndugu wa karibu akaona jina la Noeline. Akafurahi.

"Mgonjwa mwenye dada ana bahati."

Wakampima Noeline. Figo zake nzima, kundi la damu moja. Kisha yakaja majibu mengine, na yule daktari, mtu wa haya, akawaita, akafunga mlango, akakaa anazungusha kalamu.

"Bi Noeline, sijui nianze vipi. Baba hamkuchangia, hilo mlisema. Ila kwa vipimo hivi, inaelekea hata mama hamkuchangia."

"Unamtukana mama yangu?"

"Hapana, Bi Noeline, nauliza tu kama marehemu mama yenu aliwahi kulea mtoto wa..."

Valmai akashindwa kujizuia. Akacheka, Noeline naye akacheka, wakacheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Halafu wakamwambia ukweli. Hawakuwahi kumwambia mtu yeyote mwenye koti jeupe.

Daktari hakukunja uso. Alisema tu kwamba kanuni ya hospitali inamjua ndugu wa damu, mume na mke. Mtu baki akitaka kutoa figo lazima apite kwenye kamati, ithibitike wamejuana siku nyingi na hakuna anayemlazimisha mwenzake.

Fomu ya kamati ilijazwa jikoni kwao, nami nipo. Noeline alikuwa anachemsha viazi vya mgonjwa kama alivyofundishwa hospitali, ili yatoke madini yanayomdhuru mwenye figo mbovu: unachemsha, unamwaga maji, unachemsha tena, mpaka kiazi kinasahau kama kilikuwa kiazi.

"Andika tangu tulipopanga hapa," Valmai alisema. "Sabini na nne. Inatosha."

"Inatosha nini? Sitini na tisa. Kambini."

"Ya nini kwenda kulifukua jeshi, Noeline?"

"Kwa sababu hiyo miaka mitano niliilipia mimi. Simpunguzii mtu hata mwezi." Akaandika sitini na tisa, akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Valmai akageuka rangi ya majivu. Mimi nikadhani ni figo.

Kamati ilikuwa watu watatu nyuma ya meza, mwenyekiti wao Bi Thornley, mwanamke mwenye miwani ya kamba. Mimi nilikwenda kuwa shahidi. Sasa, mtaani nasimuliwa kuwa ndimi niliyedai kimbunga kilimchukua kuku wangu akiwa juu ya mayai, kikamrudisha Jumanne na vifaranga. Siku ile sikutia chumvi hata chembe. Nikasema habari za viazi. Nikasema kila Jumapili Valmai humkata Noeline kucha za miguu barazani, na kwamba nina dada wanne na hakuna aliyewahi kugusa mguu wangu.

Bi Thornley akatabasamu. Nikaona tumeshinda. Kisha akavuta faili la kahawia.

"Mmeandika mlijuana jeshini, basi tuliomba kumbukumbu za huko. Kuna maelezo ya Bi Valmai, ya mwaka wa sabini na moja." Akasoma: "Simjui mwanamke huyu. Nilimwona kantini tu. Tabia yake inanichukiza."



"Sahihi ni yake?" Noeline aliuliza. Wakamsogezea. Akaifuata kwa kidole. "Ni yake."

"Walisema nitie sahihi au nifukuzwe na wewe," Valmai alisema. "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, Noeline."

"Mimi nilikuwa na ishirini na mmoja."

Bi Thornley akavua miwani. Karatasi moja inasema dada, alisema, nyingine inasema anamchukiza, leo mnasema wapenzi. Hawawezi kumpasua mtu asiye mgonjwa kwa karatasi za namna hii. Waombe tena baada ya mwaka.

"Mwaka hana," Noeline alisema. "Nimesomewa, nimesikia, na bado nawaambia: kateni."

"Umeshtuka, Bi Noeline. Ndiyo hasa sababu ya kungoja."

Hakumwacha, wala viazi hakuacha. Alihamishia kitanda chake barazani, basi. Hospitali aliendelea kumpeleka, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Na kila muuguzi wa mapokezi alipouliza, "Nani kakuleta leo, Bi Valmai?" Noeline alijibu yeye:

"Hatujuani. Nilimwona kantini tu."

Wauguzi waliona ni mzaha, wakaupenda, wakawa wanauliza makusudi. Valmai aliangalia sakafu.

Valmai alikufa Agosti, majivu ya miwa iliyochomwa mashambani yakianguka juu ya nguo zetu za kuanikwa. Hospitali, alikokuwa amelazwa, walipiga simu asubuhi, nikamsindikiza Noeline. Karani alikuwa na fomu ya kutolea maiti na mfuko wa vitu vya marehemu.

"Wewe ni nani wake?"

Nikaogopa Noeline atataja kantini.

"Andika dada," alisema.

Karani akataka shahidi, nikatia sahihi mimi, mwongo wa mtaa mzima. Akagonga muhuri bila kuinua macho.

Tulipofika kwake sufuria aliyoiacha simu ilipolia ilikuwa bado jikoni, viazi katika maji ya kwanza. Noeline akachukua kimoja, akakitafuna.

"Kumbe vina ladha," akasema. Akavila vyote, amesimama.