Nilivyoipeleka Pua Yangu Bujumbura

Niliondoka Kigoma kwa sababu ya pua. Kazi yangu pale ilikuwa kununua mawese kwa niaba ya tajiri mmoja mwenye ghala karibu na gati, na mtu wa mawese hanunui kwa macho. Mafuta mazuri na yaliyochacha yanaweza kuwa na wekundu uleule. Unachovya kidole, unasugua kiganjani mpaka yapate moto, unanusa. Kabla ya hapo nilikuwa nimehangaika miji mingi, tangu Tabora nilikozaliwa na kusoma, hadi Mpanda, Mwanza na ng'ambo ya Kongo, nikifanya kazi hii na ile bila kutulia. Mawese ndiyo yaliyonituliza, kwa kuwa kila pipa lilininukia mahali nilipowahi kupita.

Mwaka ule, miaka michache baada ya uhuru, nyama ziliniota puani. Kwanza nilikoroma, kisha nikapumua kwa mdomo, kisha siku moja nikapitisha mafuta ambayo hata kuli aliyeyabeba aligeuza uso. Tajiri hakunigombeza. Aliniambia, "Nenda ukajitengeneze. Mvua za kwanza zikikukuta hujarudi, au umerudi hunusi, nitaweka mwingine. Usinilaumu." Mganga wa zahanati akasema daktari wa pua yuko Bujumbura. Nilimwandikia rafiki yangu Melkiori, Mrundi niliyefanya naye kazi bandarini Kigoma, ambaye sasa alikuwa karani wa forodha kwao. Nilimwandikia kwamba nina taabu ya kupumua. Habari ya kunusa sikuitia katika barua. Sikutaka ijulikane.

Tulitoka Jumatatu alfajiri, mimi na dereva Ramadhani, kwa lori la chumvi ya Uvinza. Chumvi ilikuwa ya kushushwa Matana, kwa hiyo hatukufuata ziwa, tulipanda milima. Mpakani askari aliniuliza naenda kufanya nini Bujumbura.

"Kutibiwa pua," nikasema.

Akanitazama kwa makini. "Mbona naiona iko?"

Ramadhani alicheka mpaka Makamba.

Matana tulifika siku ya pili asubuhi. Mimi ni mtu wa nchi ya joto, na kipupwe nilichokijua ni cha kuvaa fulana ya pili. Kule ukungu ulilala barabarani kama pamba, na watu walitembea wamejifunika mablanketi mpaka masikioni. Pua iliyoziba haipashi hewa moto. Ile baridi iliingia mdomoni ikashuka kifuani moja kwa moja, nikakohoa njia nzima, nikihofu kwamba daktari hatamkata mtu anayekohoa.

Baada ya Ijenda barabara ilianza kuteremka katikati ya mikaratusi. Ramadhani alishusha kioo. "Vuta hewa hiyo, bwana. Hii ni dawa tupu." Nilivuta. Ilikuwa kama kuvuta maji. Nikamwambia, "Kweli, dawa tupu," nikageukia dirisha mpaka tulipoliona ziwa chini yetu.

Jioni ile nilipokelewa Bujumbura, mtaa wa Nyakabiga, katika nyumba ya matofali yenye ua mdogo. Mke wa Melkiori, Mama Odeta, ni mtu wa Uvira. Alivuka mpaka na mtoto mgongoni wakati wa vurugu za Kongo, na sasa aliuza mawese kwa chupa mbele ya nyumba. Alinishika mikono yote miwili.

"Karibu, shemeji. Ile pua ya Kigoma imefika. Mi wale watu ya mapipa wananidanganyaka kila mwezi. Kesho utanichagulia pipa."

"Mwache, mtu ni mgonjwa," akasema Melkiori.

"Apana, ni kupumua tu ndiyo anaumwa. We si umenisomea barua? Kunusa haikatazwi."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Nilisema, "Haina shida, shemeji."

Asubuhi iliyofuata, siku moja kabla ya hospitali, tulikwenda ufukoni yanakoshushwa mapipa ya mawese kutoka Rumonge. Yalikuwa matatu. Wauzaji walikuwa wamekwisha kuambiwa ni nani anakuja, wakanipisha. Nilichovya kidole, nikasugua kiganja, nikapeleka puani, nikafumba macho. Sikusikia kitu. Nikarudia pipa la pili, na la tatu, huku Mama Odeta akinitazama kama anayesubiri hukumu. La tatu lilikuwa na wekundu uliokolea. Nikasema, "Hili."

"Mutu wa kazi yake," akawaambia wauzaji.

Hospitali walinikalisha kitini, nikachomwa sindano, na daktari, mzungu mzee mwenye mikono mikubwa, akaingiza waya mwembamba wenye kitanzi. Maumivu hayakuwa mengi. Kilichonitisha ni sauti, kama mtu anayekata mabua ndani ya kichwa changu. Kisha wakanishindilia utepe wa bandeji. Siku ya tatu muuguzi akauvuta, nao ukatoka, ukatoka, nikadhani hauna mwisho.

"Mlifungia humu nguo zote za hospitali?" nikamuuliza.

"Tulia, muzee. Usicheke, utatoka damu."

Daktari alitoa amri na muuguzi akazitafsiri: nisipenge kwa wiki mbili, nikipiga chafya niachame mdomo, nisiiname, nisile cha moto, nisikae penye moshi wala vumbi, na nijikinge na baridi. Nikauliza kama nitanusa tena. Walizungumza Kifaransa kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Anasema labda wiki sita. Labda zaidi. Kuna wengine hairudi."

Nilirudi Nyakabiga na hiyo labda.

Wenyeji watawaambia kwamba Bujumbura hakuna baridi. Kwa mwenye kidonda puani, mwezi wa sita na wa saba ipo. Kabla ya jua upepo hushuka kutoka milimani kwenda ziwani, na mchana huohuo hurudi umebeba vumbi la barabara. Nililala nimeketi, mito mitatu mgongoni. Mama Odeta alileta jiko la mkaa chumbani, nikamwomba alitoe kwa ajili ya moshi, akanipa badala yake mashuka mawili na shati zito la Melkiori, vyote vimefuliwa na kunyooshwa. Nilisali kitini, maana kusujudu ni kuinama na pua kugusa chini. Kila chafya niliiona kama mwizi anayekuja: nilishika meza, nikaachama, nikangoja nione damu.

Warundi husalimiana kwa kukumbatiana, na habari za mgonjwa hazifichiki. Jumapili moja jirani yetu, fundi baiskeli, aliingia katoka misa, akasema, "Amahoro, amahoro," akanivuta kifuani kabla sijainuka sawasawa. Paji lake likanigonga. Damu ilimwagika juu ya shati lake jeupe, mtu wa watu akabaki ameinua mikono kama aliyekamatwa na polisi. Niliwekwa kitambaa cha maji baridi, na moyoni nikasema, basi, imekwisha. Mama Odeta alilifua lile shati siku ileile.

Kila asubuhi nilijijaribu. Kitunguu, hakuna. Mafuta ya taa, hakuna. Ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani, hakuna. Watu wa mtaa wakaniita Muzee wa Pua, na wateja wa Mama Odeta walipita wakiuliza, "Imeamka?" Nilicheka nao. Wakiondoka nilihesabu wiki, nikaangalia mawingu, nikamwona mtu mwingine akichovya kidole katika mapipa yangu kule Kigoma.

Wiki ya sita, asubuhi moja ya upepo, nilikuwa nimeketi uani, shuka limenifunika mpaka machoni. Nilivuta pumzi, na kitu kikanigusa ndani ya pua, kidogo sana. Nikavuta tena. Ilikuwa harufu ya mawese, na si mazuri. Yalikuwa mawese yaliyochacha zamani, harufu ambayo ningeitambua hata usingizini. Furaha ilinijia kwanza, na hofu mara moja nyuma yake. Nikakimbilia jikoni, nikanusa chupa ya mafuta. Yalikuwa safi. Nikarudi, nikanusa shuka. Nikanusa shati. Nikanusa mkono wangu niliokuwa nimenawa. Harufu ni ileile.

Mama Odeta alikuwa nyuma ya nyumba akikata sabuni kwa waya, vipande vya rangi ya udongo vimepangwa juu ya ubao.

"Shemeji, hii sabuni unaipika kwa mafuta gani?"

Aliacha waya. Akanitazama pua kwanza, halafu macho. "Imerudia?"

"Kwa mafuta gani?"

"Ya ile pipa yako."

Niliketi juu ya ndoo. "Ulijua lini?"

"Ile siku ile. Kufika nyumbani, kufungua, nikajua. Nikamwambia Melkiori, huyu mutu haisikii kitu."

"Na hukusema."

"We kesho yake ulikuwa unaenda kwa kisu. Mutu anaenda kwa kisu, mi nitamuletea maneno ya mafuta?" Akaokota kipande kilichoanguka, akakipangusa. "Na pia ulinyamaza. Nikasema, akitaka atasema mwenyewe. Mafuta mubaya inatoka sabuni muzuri."

Melkiori alikuwa amesimama mlangoni, tayari kwenda kazini. "Wiki sita mtaa mzima unafulia sabuni hii, unanuka pipa lako," akasema. "Hata fundi baiskeli ameenda misa na shati linalonuka hivyo. Ni wewe peke yako ulikuwa hujui."

Nikawaambia yote: kuli aliyegeuza uso, maneno ya tajiri, mikaratusi ya Ijenda niliyoisifu bila kuinusa. Mama Odeta alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kumbe ulikuwa na woga hivi, na mi nilifikiri ni kiburi."

Siku zilizofuata harufu zilirudi moja moja na bila mpango. Mafuta ya taa yalirudi, kitunguu kikachelewa, na ndagala wakaja wote kwa pamoja. Zingine hazikurudi kabisa. Daktari alisema hapo nilipofika panatosha kumshukuru Mungu.

Mwezi wa tisa mawingu yalianza kukusanyika juu ya milima ya Kongo, nikakata tiketi ya meli. Siku ya kuondoka, Mama Odeta aliniamsha mapema. "Meli ni mchana. Tuende kwanza ufukoni."

Mapipa yalikuwa manne. Wauzaji walinipisha kama mara ile, na mmoja akakohoa ili kuficha kicheko. Nilichovya, nikasugua, nikanusa. La kwanza lilikuwa zuri lakini limetiwa maji. La pili limechacha. La tatu lilikuwa zuri, la shamba la karibu na ziwa. La nne nilinusa mara tatu, na nilichokipata kilikuwa nusu, kama neno linalosemwa nyuma ya ukuta. Watu walikuwa wakiningoja.

"Hili sijui, shemeji," nikasema. "Nusa wewe."

Akachovya kidole chake, akasugua, akainama. Akachukua muda wake. "Hii ndiyo muzuri kupita zote," akasema, akamwita mtu wa mkokoteni.

Mchana walinisindikiza bandarini. Melkiori aligonga muhuri karatasi zangu mwenyewe, na Mama Odeta akanipa vipande viwili vya sabuni katika gazeti, akisema pipa langu limekwisha, hivyo ni vya mwisho. Sikupata kurudi tena Bujumbura. Meli ilipoacha gati upepo wa ziwa ulikuwa baridi, nikajifunika shati la Melkiori ambalo nilisahau kulirudisha, na nikakaa nimeziba pua kwa kola yake mpaka mji ukapotea, nikifikiri jinsi nitakavyomwambia tajiri kwamba kuna mapipa mengine nitahitaji mtu wa kunusa pamoja nami.