Mluzi wa Kwanza Gizani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika jumba la sinema la Kawangware, Opereta Mkuu alinikalisha nyuma ya kidirisha cha chumba cha mashine. Akanionyesha kona ya juu ya pazia jeupe, mkono wa kulia.

"Wewe huangalii picha," aliniambia. "Unaangalia hapo. Doa likitokea, mkono kwa swichi. Usifikirie."

Filamu moja ilikuja kwa magurudumu kadhaa ya mkanda, na mashine zilikuwa mbili. Doa lile lilimaanisha gurudumu linakwisha: zima taa ya mashine hii, washa ya ile. Ukichelewa, ukumbi uliingia giza, na hapo ni miluzi na kelele: "Opereta! Umelala?" Hakuna aliyeijua sura yako.

Miaka ile ya tisini, vibanda vya video vilipojaa mtaani kwetu Kabiro, watu walitukimbia. Mwenye ploti akalikodisha jumba kwa kanisa. Opereta Mkuu alirudi kwao. Mimi nikaomba kazi ya kutunza taa na vipaza sauti, katika chumba kilekile. Pasta alihubiri kwamba enzi za sinema jengo lilikuwa shimo la uchafu, na mke wangu, kiongozi wa akina mama pale, aliitikia amina kuliko wote. Nami nilimwoa nikijiita fundi wa stima, bila kumtajia sinema. Kila Jumapili nilikaa juu pale, uso ukiniwaka kwa aibu.

Jumapili moja, katikati ya mahubiri, jua lilipenya tundu la bati likaangusha doa dogo ukutani, juu ya mimbari, kona ya kulia. Mkono wangu haukuniuliza. Taa zote zikazimika, na ukumbi ule haukuwa na dirisha hata moja.

Kisha mluzi mmoja, mkali. Ukafuata mwingine, miguu ikapiga sakafu, na nusu ya kanisa ikapaza sauti: "Opereta! Umelala?"

Nilipowasha taa, wote walikuwa wameinamia Biblia zao kama watoto waliofumaniwa na sukari. Pasta akainua macho kidirishani.

"Kumbe opereta wao bado yuko? Shuka tukuone."

Nilishuka ngazi nikitamani ardhi inimeze. Pasta aliniwekea mkono kichwani, akaniombea niokolewe na sinema, kisha akanirudisha juu, maana hakuna mwingine aliyezijua zile nyaya. Mke wangu sikuthubutu kumtazama.

Tulitembea pamoja hadi nyumbani, Kambi Muru. Mlangoni mke wangu akashika kufuli, hakufungua.

"Baba Akinyi, huo mluzi wa kwanza ni mimi."

"Wewe?"

"Kabla unioe nilikuwa nakaa mstari wa mbele hapo sinema. Huyo opereta nilimtusi sana."

Vijana mnaonisikiliza, sasa nimestaafu, na watu hudhani nitacheka nikisimulia. Sicheki. Aibu ya kuzima taa iliniisha siku ileile. Iliyobaki ni ya miaka tuliyokula meza moja, kila mmoja akimficha mwenzake jumba lilelile, na usiku tukikosa la kuzungumza.