Migomba Nyuma ya Nyumba ya Kibwana

Ukipita Matombo masika yanapoisha, utamkuta mtu mrefu, suruali ameikunja hadi magotini, akiisugua nyumba kwa brashi ya katani na ndoo ya maji ya sabuni. Huyo ni Kibwana, jirani yangu. Wengine huosha gari, yeye huosha nyumba, kuanzia chini ya bati mpaka kwenye msingi. Akimaliza huisuuza, kisha husimama pembeni, mikono kiunoni, akiitazama kwa furaha ambayo mkewe Semeni anasema yeye mwenyewe hajawahi kutazamwa nayo.

Zamani hakuwa hivyo. Kwao ni Mlali, ambako jua halina mchezo, na ukipaka nyumba rangi leo unaweza kuisahau mpaka watoto waoe. Alipomwoa Semeni alihamia huku kwa mkewe, maana kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mume ndiye anayefuata. Akajenga nyumba ya tofali za kuchoma kwenye kiwanja cha kina Semeni, akaipaka rangi nyeupe iliyotuumiza macho. Hakujua kwamba huku mvua ikikatika ukungu huingia hadi chumbani, na nguo kwenye kamba hukauka zikipenda. Masika ya kwanza hayajaisha, ukuta wa nyuma ulikuwa kijani.

Kibwana akapaka tena juu ya ule ukijani. Mwaka uliofuata kuvu ikatokeza, safari hii nyeusi, naye akapaka tena. Nilimwambia wazi kwamba anailisha kuvu kwa rangi ya dukani, na yenyewe inashukuru kwa kunenepa. Alicheka, akaendelea kupaka. Mtu akiamua kuwa mbishi, Mlali au Matombo, ni mbishi tu.

Kilichokuwa kikiutesa ukuta ule kila mwenye macho alikiona. Kilikuwa kichaka cha migomba, iliyopandwa na marehemu mama yake Semeni. Ilikuwa imeusonga ukuta kabisa, ikauzibia jua na upepo, na kila mvua majani yake yaliumwagia maji. Lakini mume aliyekuja kuoa hagusi mgomba wa ukoo. Hata kuuliza anaona haya, wasije wakasema ameanza kujigawia mali ya watu. Basi Kibwana, badala ya kufungua mdomo, akawa anafungua makopo ya rangi.

Mambo yakaenda hivyo hadi binti yao wa pekee, Mwamvita, akawa mwali. Ilipangwa atolewe ndani kwa ngoma likizo ya Juni, wakati shule zimefungwa. Mjomba Yunusi, kaka wa marehemu mama yake Semeni na msemaji wa ukoo, akasema ngoma itapigwa uani kwake, kwa sababu ile nyumba ya Kibwana ina ugonjwa wa ngozi na wageni watatoka mbali. Watu walicheka, na mimi nilicheka. Kibwana hakucheka. Jioni ile alikuja kuazima jembe, akasahau kulichukua, akabaki amesimama mlangoni kwangu.

"Mama Jesca," aliniambia, "mtoto nimemlea mimi. Nataka siku hiyo abebwe akitokea mlangoni kwangu."

Niliumia kwa ajili yake.

Alichofanya baada ya hapo kilikuwa cha kukata tamaa. Aliteremka Morogoro mjini, akarudi na rangi ya mafuta, ile inayong'aa, akaupaka ukuta katikati ya masika, kati ya mvua na mvua, ukiwa bado umelowa. Kwa siku chache uling'aa, tukapata hata kujitazama. Kisha maji yaliyokuwa ndani yakatafuta pa kutokea, rangi ikavimba malengelenge ukuta mzima. Mjomba Yunusi alikuja kutazama. Akabonyeza lengelenge moja kwa kidole gumba, likapasuka, maji yakamtiririkia hadi kwenye mkono wa kanzu. Akajifuta, akaenda zake kimya. Heri angetukana.

Kesho yake Kibwana alivaa kofia yake ya Ijumaa, akapandisha kilima kwenda kwa mjomba. Semeni alifuatana naye, na ndiye aliyenisimulia. Kibwana alimwamkia shikamoo, akakaa kwenye mkeka, akatazama miguu yake.

"Mjomba, migomba ya marehemu mama inaula ukuta wangu," alisema. "Siombi kuikata. Naomba ruhusa niihamishe."

Mjomba alimtazama, kisha akaanza kucheka mpaka akakohoa na kuletewa maji. Miaka yote hii, alisema, alidhani mkwe wake anapenda tu kupaka rangi. Alfajiri iliyofuata aliwahi yeye na panga lake. Wakaing'oa migomba na mizizi yake, machipukizi wakayatenga moja moja na kuyapanda kule bondeni karibu na kijito, na mjomba akimwambia marehemu dada yake, kwa Kiluguru, kila chipukizi lilipokwenda.

Jua likaingia nyuma ya nyumba. Kibwana akakwangua rangi yote iliyovimba, akaosha kuvu kwa dawa ya kung'arishia nguo, akasugua, akachimba mfereji na kumwaga kokoto ili matone ya bati yasirushe tope ukutani. Kisha akabandika kipande cha nailoni ukutani, apime kama umekauka. Kila asubuhi alikibandua, na kila asubuhi kilikuwa na umande upande wa ndani. Ngoma ikakaribia. Semeni akambembeleza apake japo mkono mmoja, nami nikamshambulia kwa maneno, maana nyumba ilikuwa na mabaka kama ng'ombe. Akakataa katakata, akasema ukuta huu haupaki tena ukiwa na maji, hata aje nani.

Mjomba Yunusi akaja, akatembea palipokuwa na migomba, akapapima kwa hatua zake za kizee.

"Uwanja huu unatosha ngoma," alisema. "Mwali atatoka hapa."

Siku yenyewe watu walijaa mpaka kwenye kokoto. Mwamvita alitoka mlangoni amebebwa mabegani, anang'aa mafuta, shanga kiunoni na kanga mpya. Mwali siku hiyo huinamisha macho na hasemi na mtu. Shangazi mmoja kutoka Kisaki, mwenye sauti ya kuita treni, akauliza nyumba hii yenye mabaka ni ya nani. Wanawake wa ukoo wakafungua midomo wajibu kama tunavyojibu siku zote, kwa kina Semeni.

"Ya baba yangu," alisema mwali, akiwa bado ameinama.

Kungwi wake akamfinya mguu. Kibwana aligeukia baka moja kubwa la ukutani, akajifanya anakagua kuvu, na akalikagua kwa muda mrefu sana.