Madawati Yamesukumwa Ukutani

Jamani, leo darasa langu la tatu limeniacha mdomo wazi.

Mnajua tumemzika mama kule Machame wiki iliyopita. Leo ndiyo nimerudi kufundisha hapa Lemara. Ofisini wenzangu wakanipa pole, tukanywa chai, basi.

Nafungua mlango wa darasa. Madawati yote yamesukumwa ukutani! Watoto wamekaa sakafuni.

Nikawaka. "Nani kawaruhusu kukaa chini?"

(Walimu mliomo humu, semeni kweli, nyie msingewaka?)

 

Neema, mdogo kuliko wote, akasimama. "Shikamoo mwalimu. Msibani watu wanakaa chini. Machame ni mbali, hatukuweza kuja."

Katikati yao wametandika kitenge cha bibi yake Neema. Hakuna aliyekikalia. Wameniwekea mimi nikikalie.

Nikavua viatu, nikakaa, chaki bado mkononi.

Neema akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu mzima aliyeniuliza tangu mazishi: "Mama yako alikuwa anapenda nini?"

Nikaanza kuwasimulia alivyokuwa akipiga soga na ng'ombe wake kila asubuhi.

Kengele ya mapumziko ikalia.

Hakuna aliyeinuka.