Rozari Kwenye Magofu ya Watawa

Mafundi wanabomoa ukuta wa jengo letu hapa Husby, kitongoji cha Stockholm nchini Uswidi, na harufu ya chokaa iliyoloa imenirudisha kwenye magofu ya monasteri, mashambani nje ya mji, nilikokwenda na mama nikiwa mdogo. Mwongozaji wa watalii alitueleza kwa sifa jinsi mfalme wa kale alivyowafukuza watawa, akazibomoa kuta, akajengea ngome yake mawe yale. Mama akapiga magoti nyasini, akaanza rozari.

“Hapa si kanisani,” mwongozaji akamkatiza kwa Kiswidi. “Inuka, unasumbua wageni.”

Mama akanigeukia. “Mwambie hivi: mfalme kabomoa nyumba ya Mungu, mnamsifu. Mimi nasali tu, nimekosa nini?”

Nilitafsiri kila neno kwa hasira. Yule bwana akawaongoza wageni wengine mbele. Nikapiga magoti kando ya mama, tukasali mpaka mwisho, kwa sauti.